Chupa ya Ukweni: Safari ya Kinywaji Kutoka Ziwa Kivu Hadi Nyamitaba

Kioo kuvunjika ndiyo hasara ndogo kuliko zote. Anayerudi nyumbani na kinywaji cha sherehe anapaswa kujua amebeba nini, anapita wapi, na nani atakinywa mwisho wa njia.

Katika vilima vya Masisi, siku ya kutoa mahari haikosi mambo mawili: ng'ombe wa kuzungumziwa na kinywaji cha kuzungumzia. Wazee wa upande wa binti hawaanzi maneno koo likiwa kavu, na upande wa kijana unalijua hilo tangu siku ya kupeleka posa. Ndiyo maana mtoto wa Nyamitaba aliyekwenda kutafuta maisha Goma, Bukavu, Kampala au Brussels, akitangaza kwamba anarudi kuoa, haulizwi kwanza amepata kazi gani. Anaulizwa atakuja na nini cha kuweka mezani.

Hapo ndipo safari ya chupa inapoanza, nayo si safari nyepesi. Nyamitaba iko katika uchifu wa Bashali, teritwari ya Masisi, mashariki mwa Kongo, ndani ya vilima vya malisho na migomba. Chupa iliyonunuliwa Bukavu huvuka ziwa Kivu kwa boti, hushuka Goma, hupanda lori la Fuso kupitia Sake na Mushaki kuelekea Kitshanga, kisha humalizia njia juu ya pikipiki au kichwani mwa mtu. Iliyonunuliwa Ulaya imekwisha kupita viwanja viwili au vitatu vya ndege kabla ya hapo. Kila kituo kina namna yake ya kuivunja, kuichafua, kuifanya itaifishwe, au kuifanya imponze aliyeibeba.

Wengi hudhani kufikisha chupa salama ni ufundi wa kufunga mzigo. Kufunga kuna umuhimu wake, na tutakufikia. Lakini chupa imefika salama pale tu aliyeibeba anapofika mzima, na aliyeinywa anapoamka mzima kesho yake. Hicho ndicho kipimo, na makala haya yanaifuata njia nzima kwa kipimo hicho.

Ajali ya kwanza hutokea dukani

Kwa miaka mingi mnywaji wa Kivu hakuwa na haja ya kuuliza bia yake imetoka wapi. Bralima, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1923 Kinshasa ilipokuwa bado inaitwa Léopoldville, ilikuwa na kiwanda Bukavu, na Primus ya Bukavu ndiyo iliyopanda boti kwenda Goma. Ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, Bralirwa imekuwa ikipika Primus yake Gisenyi tangu mwaka 1957, na kuanzia miaka ya 1960 matangi yake ya mvuke yalichemshwa kwa gesi ya methani iliyovutwa kutoka vilindi vya ziwa Kivu lenyewe. Watu wa kando ya ziwa hili walikunywa bia iliyopikwa kwa moto wa ziwa lao.

Vita vimeuvuruga utaratibu huo. Februari 2025, Bukavu ilipokuwa ikiangukia mikononi mwa waasi wa M23, kiwanda cha Bralima kiliporwa. Juni mwaka huohuo Heineken, wamiliki wa Bralima, walitangaza kwamba wamepoteza udhibiti wa shughuli zao Bukavu, Goma na maeneo ya jirani, na kwamba wamewaondoa wafanyakazi wao. Kiwanda kinapokosa mwenyewe, mnunuzi hana tena wa kumlalamikia, na mwenye nia mbaya hupata nafasi ya kujaza chupa kuukuu.

Kwa hiyo ukaguzi uanzie dukani. Kifuniko cha chuma kiwe hakijakunjwa upya wala kukwaruzwa kwa koleo. Kiasi cha kinywaji shingoni kilingane na cha chupa za pembeni yake. Lebo isiwe imebandikwa juu ya nyingine, na tarehe isomeke. Bia ya kiwandani ya aina ya Primus ukiiinua kwenye mwanga huwa angavu; ukiona ukungu au vipande vinavyoelea, iache hapohapo hata kama bei inavutia.

Kwa pombe kali, uangalifu uongezeke mara mbili. Kinachoua ghafla katika pombe za kughushi mara nyingi ni methanoli, kemikali ya viwandani inayofanana na pombe ya kunywa kwa rangi, na hata kwa harufu ni vigumu kuzitofautisha. Kenya inalijua hilo kwa msiba: Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa baada ya kunywa pombe yenye sumu, na Februari 2024 msiba wa namna hiyo ukaikumba Kirinyaga. Mwaka huohuo wa 2024, mwezi Novemba, watalii 6 walipoteza maisha Laos kwa sababu hiyohiyo. Wenyeji wa kijijini na wageni wenye pasipoti walikufa kifo kimoja. Methanoli haibagui, na mnywaji hana namna ya kuionja akaitambua.

Kanyanga na lotoko, pombe zinazokenekwa vijijini, zina hatari zao. Matone ya kwanza ya mtambo hubeba vitu visivyofaa, na mpishi mwenye haraka huyachanganya na mengine badala ya kuyamwaga. Mtambo uliounganishwa kwa rejeta ya gari unaweza kutoa madini ya risasi, sumu inayojilimbikiza mwilini polepole. Tena kanyanga ni marufuku Rwanda, inahesabiwa pamoja na dawa za kulevya. Anayeitia kwenye mkoba ili apite nayo Gisenyi anajitafutia kesi ya jinai kwa ajili ya zawadi.

Ndege na mpaka

Kijana anayetoka Ulaya hana budi kujua hesabu tatu kabla hajafika uwanjani. Kinywaji chenye kilevi kisichozidi asilimia 24, yaani bia na divai za kawaida, hakina kikomo cha usalama ndani ya mzigo wa kukabidhiwa, ila uzito utaulipia. Chenye zaidi ya asilimia 24 hadi 70, kama wiski na konyagi, ni lita 5 tu kwa msafiri, na kiwe katika chupa za dukani ambazo hazijafunguliwa. Kinachozidi asilimia 70 hakipandi ndege kabisa, kwa sababu kinashika moto upesi mno.

Katika mkoba wa mkononi, chombo chochote cha maji kinachozidi mililita 100 huzuiwa kwenye ukaguzi wa viwanja vingi. Kilichonunuliwa duka la uwanjani hupita kikiwa ndani ya mfuko maalumu uliofungwa, pamoja na risiti. Ukiufungua mfuko huo njiani, kwenye uwanja wa kubadilishia ndege utanyang'anywa. Aliyesafiri kwa meli za utalii za baharini, zile zinazotia nanga Mombasa au Zanzibar, hukuta utaratibu wa jamaa moja na huo: kwa kawaida chupa anazonunua melini au bandarini huhifadhiwa na meli, akakabidhiwa siku ya mwisho. Zikabidhiwe zikiwa na lakiri na risiti zake, maana bila hivyo mzigo wa ndege unaofuata utaanza kwa ubishi.

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mapigano yalipoingia mjini Januari 2025, na wengi wakalazimika kupitia Kigali, kisha barabara ya lami hadi Gisenyi, na kuvuka kwa miguu. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia na lita 1 ya pombe kali au lita 2 za divai bila kulipa ushuru. Neno muhimu hapo ni "au": huchukui vyote viwili. Kongo ilijiunga na jumuiya hiyo mwaka 2022, ila forodha yake imekuwa na sheria zake, kwa hiyo anayevuka asidhani kwamba ruhusa ya upande mmoja inamfuata hadi upande wa pili. Atangaze alichobeba, alipe kinachodaiwa, adai risiti, na aitunze. Risiti hiyo itamsaidia tena mbele.

Kuna kosa dogo linalowakuta wengi Gisenyi. Wamezungushia chupa mifuko ya plastiki tabaka kwa tabaka, wamesahau kwamba Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu mwaka 2008. Mkaguzi huivua yote, na chupa zinaingia Goma zikigongana uchi. Funga kwa nguo, kwa gazeti, kwa majani makavu ya mgomba. Vitu hivyo hakuna mpaka unaovikataa.

Juu ya maji

Ziwa Kivu lina eneo la takriban kilomita za mraba 2,700 na kina kinachokaribia mita 480. Upande wa Rwanda watalii huzunguka humo kwa starehe kati ya Rubavu, Karongi na Rusizi. Upande wetu boti ni barabara. Hubeba wanafunzi, wagonjwa, mihogo, mbuzi, na kasiye, yaani kreti, za bia.

Asubuhi ya Oktoba 3, 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa inakaribia kabisa bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka ufukweni. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilikuwa na abiria 278. Makumi walikufa. Wengi walikuwa majini kwa sababu mapigano yalikuwa yameifunga barabara ya Minova kwenda Goma kupitia Sake. Waliikimbia risasi wakapanda chombo kilichojaa kupita uwezo wake.

Msiba huo unamhusu mbeba chupa moja kwa moja. Kasiye moja ya chupa 12 kubwa, zile za sentilita 72, hukaribia kilo 20. Kasiye 10 zina uzito wa watu wazima watatu, na tofauti yake ni kwamba hazina akili ya kuhama upande boti inapoinama. Zikipangwa juu ya sitaha huinua kitovu cha uzito wa chombo. Wimbi likija, mnara huo hutangulia kuanguka na boti huufuata. Mzigo mzito hukaa chini, katikati, umefungwa. Njia ya watu haiwekwi kasiye, kwa sababu siku ya hatari hiyo ndiyo njia ya kutokea.

Nahodha akisema hakuna jaketi la kuokolea la kukutosha, shuka. Ukiona maji yanakaribia ukingo kabla boti haijang'oa nanga, shuka. Usimpe nahodha wala mabaharia "ya kuonja" kutoka mzigo wako, hata kama ni desturi ya kuchangamsha safari. Mkono unaoshika usukani ubaki na macho yake. Na boti ikianza kuzama, chupa ziende. Kuna watu hufa wakiwa wameshikilia mzigo wa sherehe ya wengine, na hakuna bibi harusi aliyewahi kuomba zawadi hiyo.

Kufunga kama mtu wa soko

Wanawake wanaopeleka bidhaa kati ya Goma na masoko ya Masisi ni walimu wazuri wa jambo hili. Kanuni yao ya kwanza ni kwamba kioo kisiguse kioo. Kila chupa ivae kitu chake: soksi, shati, kipande cha kitenge, au jani kavu la mgomba lililozungushwa mara kadhaa na kufungwa kwa ukamba wake mwenyewe. Majani hayo hupatikana bure shambani, hubonyea bila kuvunjika, na hunyonya unyevu.

Chupa isimame katikati ya mzigo, mbali na kuta za sanduku, ikizungukwa na nguo pande zote. Vizito chini, vyepesi juu, na nafasi tupu zijazwe, kwa sababu chupa hupata nguvu ya kujivunja pale inapopata uwanja wa kukimbilia. Ukimaliza, tikisa. Mzigo ukitoa mlio wa kioo, fungua upange upya. Ndani kabisa tia mfuko mzito au kitambaa kinene, ili moja ikipasuka isiharibu barua, vyeti na nguo za harusi.

Kwa kasiye ya plastiki, vyumba vyake husaidia, ila chupa bado hucheza ndani yake. Shindilia majani kati ya shingo na ukuta wa chumba. Juu ya pikipiki, funga kwa mipira ya tairi iliyokatwa, si kwa kamba ya katani pekee. Mpira hufuata mtikisiko, kamba hulegea. Kasiye moja yatosha kwa pikipiki yenye abiria. Motari, yaani mwendesha pikipiki, anayekubali tatu pamoja na wewe ameuza breki zake.

Jambo moja halina mjadala: bido, lile dumu la manjano lililowahi kubeba petroli, mafuta taa au dawa ya shambani, halibebi tena kinywaji. Plastiki hunywa ilichowekewa na kukirudisha polepole. Kuosha kwa sabuni na mchanga huondoa harufu, hakuondoi sumu.

Kupanda Masisi

Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita 25 hivi, juu ya ardhi ya mawe ya volkano. Baada ya Sake barabara hupanda kuelekea Mushaki, na hapo hadithi hubadilika. Mvua za Septemba hadi Desemba na za Februari hadi Mei hugeuza udongo wa vilima kuwa utelezi. Lori huzama hadi ekseli, na abiria hulala porini. Anayeweza kuchagua, apange safari yake Juni au Julai, aanze mapema, na asikubali kupanda juu ya mzigo wa Fuso kwa sababu tu anataka kulinda chupa zake kwa macho.

Jua nalo lihesabiwe. Bia iliyoachwa juani nyuma ya lori hupata joto, gesi iliyomo hutafuta pa kutokea, na mtikisiko huzidisha. Chupa yenye ufa usioonekana itapasukia hapo. Isitoshe, mwanga wa jua huharibu ladha ya bia. Ndiyo sababu chupa ya Primus ni ya kahawia. Funika mzigo kwa turubai au majani mabichi ya mgomba.

Kisha kuna vizuizi. Taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji, katika ripoti iliyotoka mwaka 2017, ilihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vingi vikiwa vya kukusanya pesa kwa mpita njia. Mistari ya vita imehama mara nyingi tangu hapo, lakini kamba iliyotandazwa barabarani haijatoweka. Chupa inayoonekana kwenye kizuizi ni mwaliko. Mwenye bunduki huomba moja, mwenzake huomba nyingine, na gari linalokuja nyuma yako linawakuta wamelewa.

Hilo ndilo linalopaswa kutuuma zaidi katika njia hii yote. Kila chupa inayoachwa kwenye kizuizi ili mtu apite upesi huongeza ulevi mahali penye silaha, na atakayelipa ni mama anayerudi sokoni jioni akiwa na binti yake. Funika mzigo, usiutangaze, beba kidogo, na shika risiti ya forodha mkononi. Wakikunyang'anya, waache wachukue na uendelee na njia. Usiwamiminie wewe mwenyewe, wala usikae kunywa nao ili kujenga urafiki.

Kinywaji kinachopumua

Si kila kinachobebwa kinatoka kiwandani. Nyamitaba ina migomba yake na ina kasiksi yake, na mara nyingi safari huwa ya kinyume: mzazi hushuka Goma na bido la kasiksi kumpelekea mwanawe. Ndizi za pombe huivishwa kwa joto, zikakamuliwa kwa nyasi, maji yakaongezwa. Huo ni mutobe, juisi tamu ambayo hata mtoto hunywa. Ukitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa siku moja hadi tatu, unakuwa kasiksi.

Kasiksi haiishi kuchachuka kwa sababu imetiwa kwenye bido. Hamira iliyomo huendelea kula sukari na kutoa gesi ya kaboni njia nzima. Bido lililokazwa kifuniko huvimba, na likifika mteremko wenye jua hupasuka. Chupa ya kioo iliyokazwa ni mbaya zaidi, kwa maana vipande vyake huruka usoni. Waliozoea huacha nafasi ya kiganja juu ya kinywaji, hulegeza kifuniko kidogo au huziba kwa jani la mgomba lililosokotwa, ambalo huruhusu gesi kutoka na kuzuia vumbi kuingia. Bido husimama wima safari yote.

Gesi hiyo watu wa Goma na Sake wanaifahamu kwa jina lingine. Ndiyo ileile ya mazuku, hewa nzito inayotoka ardhini, ikatulia mabondeni na kuua mbuzi na hata watoto wanaoingia humo. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa, hukaa chini. Chumba kidogo kisicho na dirisha, kilichojaa mitungi inayochachuka kwa ajili ya harusi, kinaweza kukusanya gesi hiyo sakafuni. Asilale mtu humo kulinda pombe, hasa mtoto kwenye mkeka. Fungua mlango na dirisha, acha hewa ipite.

Kuna bia za Ulaya zenye tabia ya kasiksi. Si mbali na Nyamitaba, kwenye maziwa ya Mokoto, kuna monasteri iliyoanzishwa mwaka 1954 na watawa waliotoka Scourmont, Ubelgiji, abasia inayopika bia ya Chimay tangu mwaka 1862. Chimay huchachuka mara ya pili ikiwa ndani ya chupa, na masalia ya hamira hutulia chini. Aliyetoka nayo Brussels aiache isimame siku moja au mbili baada ya kufika kabla hajaifungua, kisha aimimine taratibu. Akiifungua punde baada ya kushuka kwenye pikipiki, nusu yake itakwenda ukutani. Masisi ina uhusiano na nyumba hiyo ya watawa uliodumu kupita vita vya mwaka 1996, vilivyowafukuza watawa wa Mokoto pamoja na maelfu ya majirani zao. Chupa hiyo ikifunguliwa mahali hapa, ifunguliwe kwa heshima.

Kifuniko kifunguliwe mbele ya mnywaji

Huku Kivu mtu hafunguliwi bia jikoni ikaletwa ikiwa wazi. Mhudumu huja nayo imefungwa, huionyesha, kisha hukifungua kifuniko mbele ya mwenyewe. Nyumbani, mwenye kasiksi hutangulia kuonja kabla ya kumpa mgeni. Wengine husema ni hofu ya karuho, sumu inayotajwa katika kila ugomvi wa ukoo. Hofu hiyo imewadhuru wasio na hatia mara nyingi, na tuhuma za karuho zimeua watu kwa mikono ya umati. Lakini desturi yenyewe ya kufungua mbele ya macho ni nzuri na inafaa kutunzwa, kwa sababu humwajibisha anayetoa.

Tuipanue basi. Kama kifuniko hufunguliwa mbele ya mnywaji, na historia ya chupa nayo iwekwe wazi: imenunuliwa wapi, imepita wapi, risiti iko wapi. Anayeleta pombe kali awe wa kwanza kusema haijui ilikotoka, kama haijui. Kanyanga isihifadhiwe kamwe katika chupa ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hunywa akidhani ni maji, na kilevi hushusha sukari ya damu ya mtoto mdogo kwa kasi inayoweza kumuua. Iwekwe juu, ikiwa na alama.

Mtu akinywa na baada ya saa kadhaa, au kesho yake, akalalamika kwamba anaona ukungu, tumbo linamkata, anapumua kwa haraka, asiambiwe alale ulevi umtoke. Hizo ni dalili za methanoli. Apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa aliyonywea, na wote waliokunywa naye wafuatwe majumbani. Katika vilima ambako hospitali ni mwendo wa saa nyingi, aliyeondoka mapema ndiye anayepona na macho yake.

Motari na dereva wa sherehe wapewe mutobe. Hilo si kuwanyima heshima. Wao ndio watakaowarudisha wageni. Na vidanje, chupa tupu, zihesabiwe na kurudishwa, maana kasiye isiyo na vidanje zake hukatwa pesa, na vioo vilivyotupwa shambani hukata miguu ya watoto na ng'ombe.

Orodha ya wazee

Tumeeleza wajibu wa mbebaji. Upo wajibu mwingine ambao hautajwi, nao ni wa wanaopokea. Katika mazungumzo ya mahari mara nyingi huandikwa orodha: kasiye kadhaa za bia, chupa kadhaa za wiski au divai, wakati mwingine kwa jina la kampuni. Orodha ya namna hiyo ilizoeleka barabara zilipokuwa zinapitika na kiwanda cha Bukavu kilipokuwa kikifanya kazi. Leo mstari mmoja wa orodha unaweza kumfanya kijana apande boti iliyojaa Minova, au anunue chupa asiyoijua uchochoroni Goma, au apite kizuizi usiku akiwa na mzigo unaowaita wenye silaha. Mzee aliyeketi Nyamitaba haoni hayo yote anapotaja idadi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani. Hakuna anayetegemea kwamba Masisi itaacha kunywa kwenye harusi zake, wala makala haya hayaombi hivyo. Yanaomba jambo dogo linalowezekana wiki hii. Wazee wa pande zote mbili wakubaliane kwamba kinywaji cha mahari kinunuliwe karibu iwezekanavyo na pale kitakaponyewa, kwamba thamani ya chupa za mbali inaweza kupokelewa kwa pesa taslimu au kwa ndama, na kwamba kasiksi na mutobe wa migomba ya hapo vinatosha mbele ya Mungu na ukoo. Mapadri, wachungaji na machifu wanaoalikwa kwenye mazungumzo hayo wanaweza kulisema kwa sauti, na neno lao husikika.

Anayetaka kuleta chupa moja ya kumbukumbu kutoka ng'ambo, ailete. Aifunge kwa majani, atangaze mpakani, avae jaketi la kuokolea ziwani, aifungue mbele ya wote. Lakini orodha iliyopelekwa kwa simu kwa kijana aliyeko safarini iongezewe mstari mmoja wa mwisho, ulioandikwa na baba mkwe mwenyewe: njia ikiwa mbaya, njoo mikono mitupu.